Jiwe Chini ya Gurudumu

Gari lile lilikuwa na jina, na jina lenyewe hakulitoa mwenye gari. Alilitoa kinyozi wa pale chini ya mteremko, mtu asiye na simile, akaliita Bibi Harusi. Kwa nini? Kwa sababu haliendi mahali bila kusindikizwa. Likitoka, lazima nyuma kuna watu wanasukuma, wanacheka, wanapiga na vigelegele vya uongo, na mwenyewe ametulia mbele na usukani wake kana kwamba hayamhusu. Mwenye gari naye hakunusurika. Yeye aliitwa Bwana Jiwe, kwa ajili ya jiwe alilobeba kwenye buti miaka nenda rudi, jiwe jeusi la kushikwa kwa mikono miwili, la kuwekwa chini ya gurudumu. Basi mkewe, mshonaji wa sare za shule, mama wa watu mwenye adabu zake na jina zuri alilopewa na wazazi wake, akawa Mama Jiwe. Angefanyaje? Jina likishakaa limekaa.

Na hapa tuelewane mapema, maana watu wakisikia fulani ana gari hudhani kuna raha. Stata ilikufa hata mwaka haujaisha tangu walinunue. Fundi akatia nyingine, iliyotolewa kwenye gari la ajali, nayo ikafa. Akatia nyingine tena, hiyo ikawa inawasha gari ikijisikia. Ndipo Bwana Jiwe alipokaa chini, akafikiri, akaibuka na falsafa yake: palipo na mteremko, stata ya nini? "Stata ni anasa, mama," akamwambia mkewe, na alisema kweli kutoka moyoni, hakutania.

Tangu hapo maisha yao yakapangwa na vilima. Nyumba yao ilikuwa katikati ya mteremko, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na tatizo. Tatizo ni kwingine kote. Bwana Jiwe akialikwa mahali, swali lake la kwanza ni moja: huko kukoje, tambarare au kuna kilima? Pakiwa tambarare, udhuru unapatikana. Duka walilolizoea wakalihama, wakawa wananunua kwa bwana mmoja anayepunja mizani mchana kweupe, kisa duka lake liko juu. Dada wa Mama Jiwe aliishi uwandani, na siku zilipozidi kupita shemeji haonekani, akatuma ujumbe kuuliza amemkosea nini. Hakukosa kitu, maskini. Alijenga pabaya tu.

Utaratibu wa kuliwasha ulikuwa hivi. Gari linaegeshwa pua ikitazama chini. Breki ya mkono ilikuwa pambo, na gia nayo ilikuwa na tabia ya kujichomoa yenyewe, kwa hiyo kinachozuia gari lisiondoke zake ni lile jiwe. Bwana Jiwe anaingia, anafungua ufunguo, anatia gia ya pili, anakanyaga klachi na breki. Mama Jiwe anafungua mlango wa upande wake na kuuacha wazi. Anazunguka nyuma, anapiga jiwe kwa kisigino mpaka litoke, analitupia kwenye buti, halafu anasukuma. Bwana Jiwe anasema, "Haya... haya... haya..." na gari likishachanganya anasema, "Sasa," anaachia klachi, gari linashtuka, linakohoa, linawaka. Kwa Mama Jiwe hiyo "sasa" maana yake ni kukimbia, kuudaka ule mlango na kurukia ndani kabla hajaachwa. Ndiyo maana alikuwa anakwenda kusali na gauni zuri na raba miguuni, viatu vya heshima kavifunga kwenye mfuko. Watu walishazoea kumwona amekaa kwenye jiwe la geti akibadilisha viatu.

Hilo neno "sasa" lilikuwa la kazini. Bwana Jiwe alimaliza utumishi wake kama msimamizi wa ghala. Kila siku ya Mungu alisimama mlangoni akiwapigia wachukuzi mwito wa kunyanyua mzigo, haya, haya, sasa, ili wanyanyue pamoja mtu asivunjike mgongo. Aliwapakilia watu mali zao kwenye magari yao mpaka nywele zikageuka rangi. Alipostaafu, kitu cha kwanza alichotoa kwenye geti lolote kikiwa chake mwenyewe ni lile gari. Mama Jiwe alilijua hilo. Lilimchosha, lilimtia aibu, lilimharibia magoti, lakini alijua, na kila akitaka kusema neno kali alikumbuka uso wa mumewe siku ile alipolileta, amelisugua mpaka linamwonyesha meno yake, anapiga honi uani bila sababu. Honi ilikuwa bado inafanya kazi siku hizo.

Sasa, kwa nini asukume mke na mume akae? Watu wa nje walisema mengi. Ukweli ni kwamba mume alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimpima, akamkalisha yeye na mkewe, akasema nao polepole: asinyanyue kitu kizito, asisukume, asigombane na mtu. Na kifua kikimbana siku yoyote, wasisubiri kuona kama kitaachia, wasitafute dawa za majani, wamlete hapo harakaharaka, maana ukichelewa umechelewa.

"Usafiri mnao?" daktari akauliza.

"Gari tunalo," akasema Bwana Jiwe, na akajiweka sawa kwenye kiti.

Mama Jiwe alitazama raba zake. Gari walilokuja nalo siku hiyo lilikuwa kwenye kilima cha nyuma ya soko, kwa sababu hospitali ilijengwa barabara ya chini, mahali palipolala kama meza. Mgonjwa wa moyo alikuwa ametembea kwa miguu kutoka kilimani, na baada ya kuambiwa asijichoshe, akatembea tena kurudi.

Kuanzia siku ile Mama Jiwe akawa na wasiwasi mmoja tu, akalala nao, akaamka nao. Mengine yote aliyaacha. Alijiuliza, siku kifua kikibana, nani atasukuma na nani atashika usukani? Hakuwa anajua kuendesha. Walikuwa wawili tu nyumbani, binti yao kaolewa mbali, na gari lile lilihitaji watu wawili wazima.

"Baba," alimwambia, "ama uliuze, ama unifundishe."

"Nitakufundisha likipona. Huwezi kujifunzia gari gonjwa, utapata tabia mbaya."

"Na lisipopona?"

"Litapona. Nimeongea na fundi."

Huyo fundi! Mahali pote alijulikana kwa jina la Jambo Dogo, kwa sababu hakuna ugonjwa wa gari aliouona mkubwa. Akifunua boneti anaguna, anachungulia, anagongagonga kwa spana, anafuta mikono kwenye suruali, kisha anatoa hukumu: "Mzee, hapa ni jambo dogo tu." Mkanda wa feni ulikuwa jambo dogo. Rejeta inayovuja ilikuwa jambo dogo, akaiziba kwa sabuni. Plagi, kabureta, waya uliounguza nusu ya dashibodi, vyote vidogo. Akitengeneza hiki leo, kesho kinaharibika cha jirani yake, na Bwana Jiwe hakuwahi kumkasirikia hata siku moja. Walikuwa wakisimama pale wawili, vichwa ndani ya boneti, wananong'ona kama wanamwuguza mtu. Gari lile lilikuwa linakufa kwa mambo madogo, na hakuna aliyekuwa na roho ya kuwaambia.

Siku moja alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Akalizunguka Bibi Harusi, akalipiga teke gurudumu, akamwambia Bwana Jiwe kwa heshima kabisa, "Mzee, hili mimi nitalichukua kwa kupima kilo." Mama Jiwe alikuwa dirishani kwenye cherehani, akaacha kukanyaga. Moyoni alikuwa anaomba, sema ndiyo, baba, sema ndiyo tupumzike. Bwana Jiwe hakumfukuza yule mtu wala hakumjibu vibaya. Alimwambia tu kwamba gari hilo linatembea. Alipoondoka, akachukua ndoo na kitambaa, akaanza kuliosha, akaliosha mpaka jua likaondoka uani, na chakula alipoitiwa akasema ameshiba. Mama Jiwe alimwonea huruma mpaka akajichukia. Suala la kuuza hakuligusa tena.

Akang'ang'ania la kufundishwa. Mume akachoka kukataa, akakubali kumfundisha gari likiwa limezimwa. Usicheke. Jioni baada ya kazi, mama akiwa na nyuzi za sare bado zimemganda kwenye gauni, walikaa ndani ya gari lililokufa, jiwe chini ya gurudumu, yeye kwenye usukani na mzee pembeni. Hii ndiyo klachi. Hii breki. Ukitaka kusimama, kanyaga vyote viwili, usiachie. Gia ya kwanza usiiguse, ina matatizo yake. Gia ya pili iko hapa, vuta, hapohapo. "Nikisema sasa, achia klachi."

"Haya... haya... haya... Sasa."

Mama Jiwe anaachia. Hakitokei kitu. Ndege analia kwenye waya wa nguo.

"Vizuri," anasema mumewe. "Umeachia mapema kidogo. Usikimbilie. Nisubiri mimi."

Alijifunza, na alijifunza vizuri mpaka mumewe akawa anamsifia kwa kinyozi. Mguu wake ukazoea kusubiri lile neno. Hakuwahi hata mara moja kukaa kwenye usukani gari likiwa linaunguruma, maana kila walipopanga kulipeleka kwenye kiwanja cha shule, Bwana Jiwe alikumbuka kwamba kiwanja ni tambarare.

Ikaja siku yenyewe, nayo ilikuja asubuhi yenye jua zuri tu, siku ya kazi. Mama Jiwe alikuwa anapinda sketi za shule. Bwana Jiwe alikuwa nje anafuta kioo cha mbele. Akaingia ndani, kitambaa bado mkononi, akakaa juu ya lundo la sare zilizokwisha kupigwa pasi. Mtu ambaye hakuwahi kukalia nguo za watu. Mama Jiwe akataka kumkemea, akamtazama usoni, akaacha. Uso ulikuwa umelowa na rangi yake si ya kawaida.

"Mama," akasema, "kifua."

Basi tena. Mama Jiwe alitoka mbio mpaka kwa jirani mwenye pikapu, akakuta uwanja mtupu, mwenyewe keshakwenda zake kazini. Akakimbilia kwenye kona wanapokaa vijana wa pikipiki, hakuna hata mmoja, saa hiyo wote wamechukua wanafunzi na wafanyakazi. Akapiga simu hospitali, ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena, ikaita vilevile. Aliporudi ndani mumewe alikuwa amesimama, ameshika mlango, anahema kwa shida.

"Unahangaika na watu wa nini?" akamwambia. "Gari si lipo?"

Mama Jiwe angeweza kusema maneno mengi pale. Aliyaona yote yamejipanga. Akamshika kiunoni, wakaenda hatua kwa hatua mpaka garini, akamkalisha upande ambao yeye ndiye hukaa siku zote, akamfunga mkanda. Mzee akajaribu kutabasamu. "Leo nami nitajua raha ya kuendeshwa," akasema. Mkewe akamwambia anyamaze atunze pumzi.

Akaingia kwenye usukani, akafungua ufunguo, gia akaiacha huru. Akatoka, akaenda nyuma, akapiga jiwe kwa kisigino. Jiwe likatoka, akaliacha hapohapo barabarani, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu gari hilo lifike nyumbani kwao. Hakukuwa na mtu wa kusukuma. Akakimbia mbele gari likiwa limeanza kubiringika, akadaka mlango, akajitupa kwenye kiti, akakanyaga klachi mpaka mwisho, akatia gia ya pili. Gari likaendelea kushuka lenyewe.

"Vizuri," akasema mumewe. Sauti ilikuwa ndogo. "Usikimbilie."

"Nakusubiri wewe."

"Haya," akasema. Wakapita ukuta wa jirani. "Haya." Wakapita nguzo ya umeme, gari likachanganya, upepo ukaanza kuingia kwenye dirisha lisilofunga. Mama Jiwe ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, mguu umesimama juu ya klachi, anasubiri. Gari lilikuwa na mwendo wa kutosha. Hata yeye aliujua mwendo ule, alikuwa anaujua kwa kuusukuma, alijua hapa ndipo. Lakini alikuwa amefundishwa kusubiri, na siku ya kwanza aliachia mapema.

Wakapita mti wa mwisho. Mteremko ukaanza kuisha.

"Baba," akasema bila kugeuka. "Baba, niachie?"

Gari likafika tambarare, likapunguza, likapunguza, likasimama lenyewe mbele ya kibanda cha kinyozi, kimya kabisa, na mguu wake bado uko chini. Ndipo alipogeuka. Mzee alikuwa ameegemea mlango, macho nusu, kitambaa cha kufutia kioo kiko mapajani. Akamgusa shavu. Akaliita jina lake, lile la kweli, ambalo hapo mtaani hakuna aliyelijua.

Kinyozi akatoka na taulo begani, nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja. "Jamani, leo Mama Jiwe ndiye dereva," akasema, "na Bwana Jiwe kapitiwa na usingizi kama mkubwa." Hakusubiri kuombwa, kwani lini aliwahi kusubiri? Wakazunguka nyuma yeye, mteja wake na wapita njia wengine, wakaliegemea Bibi Harusi, wakaanza kusukuma na vigelegele vyao. Mama Jiwe akageukia mbele, akashika usukani. Alitaka wasimame, na alitaka wasukume zaidi, vyote kwa pamoja. Gari likaanza kwenda.

"Haya," kinyozi akaita kwa nyuma, kwa mwito uleule aliousikia miaka yote. "Haya. Haya. Sasa."

Mguu ukaachia wenyewe. Gari likashtuka, likakohoa mara moja, likawaka. Liliwaka safi kuliko siku zote, bila kusita, bila moshi, kama gari la watu. Nyuma walipiga makofi. Kinyozi alipunga taulo mpaka alipochoka, kisha akarudi kumalizia kichwa cha mteja.

Alikwenda na gia ya pili hivyohivyo barabara nzima, injini inalia, magari yanampigia honi, yeye anaendesha gari linalotembea kwa mara ya kwanza maishani mwake na kuzungumza na mumewe njia yote. Alimwambia wanakaribia. Alimwambia, umeona limewaka, ulisema litapona na limepona. Alimwomba msamaha kwa kutaka liuzwe. Kichwa cha mzee kilikuwa kinagonga kioo taratibu kila walipopita shimo, na kila kikigonga alimwambia pole.

Mbele ya mlango wa hospitali akakanyaga vyote viwili, kama alivyofundishwa, gari likasimama likiwa linaunguruma. Alikuja muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akafungua mlango wa upande wa pili, akaweka vidole shingoni kwa Bwana Jiwe, akaviacha pale muda mrefu. Kisha akainama ili aonane na Mama Jiwe uso kwa uso. Sauti yake ilikuwa ya chini, na makelele ya injini yakaimeza, ikabidi arudie.

"Mama yangu, zima gari kwanza tuzungumze."

Mama Jiwe hakuondoa mguu. Alimjibu kwa adabu tu, kama anavyoelezwa mtu asiyelijua lile gari, kwamba hapa ni tambarare na likizimwa haliwaki tena.